Samaki Huganda kwa Moto, Mwani Huganda Ukipoa

Mteja wangu mmoja mwenye mkahawa alinipigia simu akaniomba nifike nijionee. Alikuwa ameyeyusha mfuko wa vibonge vya samaki nilivyomuuzia wiki tatu nyuma, na chini ya mfuko palikuwa na maji meupemeupe, kama robo lita kwa mzigo wa kilo mbili. Nilichukua kibonge kimoja nikakibana kwa vidole viwili. Kikatoa maji kama sifongo, na nilipokiachia hakikurudi katika umbo lake. Mteja hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Samaki walikuwa wabichi, chumvi ilikuwa sawa, na nilivipika kwa mikono yangu. Kilichokosekana ni kitu cha kuyashika maji wakati barafu inapojiunda na kuyeyuka ndani ya nyama.

Kwa miezi kadhaa nilijaribu kuongeza wanga. Maji yalipungua, lakini vibonge vikawa vizito, vinagandamana mdomoni, na ladha ya samaki ikafifia. Ndipo nikajaribu mwani. Mara ya kwanza nilitia unga wake, nikapika, nikaonja kibonge kikiwa bado kinafuka mvuke. Kilikuwa laini kuliko vya siku zote. Nikaandika daftarini "mwani haufai", nikalifunika kopo. Kesho yake asubuhi nilipotoa vilivyobaki kwenye jokofu, vilikuwa vimekaza, vinanesa vikibonyezwa, na sahani chini yake ilikuwa kavu. Nikayafuta yale maneno ya daftarini. Karibu yote nitakayoeleza hapa yalianzia asubuhi ile.

Jeli mbili ndani ya kibonge kimoja

Ukielewa sehemu hii, mengine yote utajipangia mwenyewe.

Nyama ya samaki ina protini ndefu mfano wa nyuzi, na iliyo muhimu zaidi kwetu inaitwa mayosini. Chumvi huitoa ndani ya msuli ikawa rojo linalonata. Joto likija, nyuzi hizo hukunjuka, hushikana, na kufuma wavu. Wavu ukishafumwa haufumuki tena, kama vile yai likishaiva halirudi ubichi.

Mwani una tabia ya kinyume. Kuta za seli za mwani mwekundu zimejengwa kwa sukari za minyororo mirefu: karajinani kwa aina fulani, agari kwa aina nyingine. Ndani ya rojo baridi lenye chumvi, karajinani huvimba tu, haiyeyuki. Inahitaji joto la nyuzi 75 au 80 za Selsiasi ndipo iachiane. Ikipoa, minyororo hujisokota miwili miwili, hushikana, na kuyafungia maji katikati. Ukiipasha moto tena, inalegea tena.

Kwa hiyo samaki huganda kwa moto, na mwani huganda ukipoa. Ndiyo maana kile kibonge cha moto kilinidanganya: wavu wa samaki ulikuwa tayari, lakini mwani ulikuwa bado majimaji.

Mwani hauwezi kushika nafasi ya samaki. Wavu ni wa samaki, na mwani hukaa ndani ya matundu ya wavu ukiyashika maji. Unapovimba, hunyonya maji yaliyo jirani, protini iliyobaki ikawa nzito kidogo, na jeli ikakaza. Lakini ukiuzidisha, chembe zake husimama kati ya nyuzi zikazizuia kushikana. Na wavu uliochanika kwa sababu samaki alioza au rojo lilipata joto, mwani hauushoni. Nimeona watu wakitia mwani kuokoa samaki mbaya. Wanachopata ni samaki mbaya aliyekaza.

Mwani gani?

Chagua kwa kuangalia chakula chako kitaishia wapi: kwenye friza, kwenye sahani ya baridi, au kwenye mchuzi wa moto.

*Kappaphycus alvarezii*, ambao wafanyabiashara huuita kotonii, hutoa karajinani ya aina ya kapa. Jeli yake ni ngumu, hukatika safi, na hupata nguvu zaidi penye potasiamu. Ikiwa peke yake ina kasoro moja: ikikaa, hujikaza na kujikamua maji. *Eucheuma denticulatum*, maarufu kama spinosamu, hutoa aina ya iota. Jeli yake ni laini, inanyumbuka, hupenda kalsiamu, na huvumilia kugandishwa na kuyeyushwa bila kumwaga maji. Kwa bidhaa ya friza mimi huchanganya hizi mbili nusu kwa nusu. Kotonii hukipa kibonge mwili, na spinosamu hukizuia kumwaga maji. Kama unaweza kupata aina moja tu na bidhaa yako inagandishwa, chukua spinosamu.

*Gracilaria* na *Gelidium* hutoa agari. Agari huganda ikipoa hadi nyuzi 35 au 40 hivi, lakini ikishaganda hailegei mpaka ikaribie nyuzi 85. Pengo hilo ni zawadi kwa anayeuza vibonge vya kuliwa ndani ya supu, kwa sababu karajinani hulegea mapema zaidi. Ila usiipeleke agari kwenye friza. Njia ya zamani ya kutengeneza agari yenyewe ilikuwa kuigandisha na kuiyeyusha makusudi ili imwage maji na uchafu, na kitu kilichozoea kumwaga maji kwa baridi hakitakusaidia kuyashika.

Mwani wa kahawia una alginati, ambayo haingoji moto wala baridi: hukutana na kalsiamu ikaganda hapo hapo. Unga wake mzima hulipa rojo rangi ya kijani iliyofifia na harufu nzito ya bahari, kwa hiyo siutumii kwa ajili ya kukaza. Ninautumia kidogo sana kwa samaki wa mafuta, kwa kuwa una polifenoli, kemikali za mimea zinazochelewesha mafuta kuchacha. Mwani wa kijani, kama *Ulva*, ni wa rangi na harufu. Usitarajie jeli ya maana kutoka kwake.

Kuandaa unga

Unaweza kununua karajinani iliyosafishwa kiwandani, na kazi hii yote ukairuka. Mimi napenda mwani mzima uliosagwa, kwa sababu naujua ulikotoka na kwa sababu nyuzinyuzi zake nazo hunyonya maji. Lakini unataka uvumilivu.

Mwani mkavu umwage juu ya meza nyeupe chini ya taa. Toa vipande vya kamba, mchanga, konokono wadogo, na vijigamba. Usifanye haraka hapa. Vijigamba hivyo huvunja meno, na zaidi ya hapo vinaweza kumdhuru mtu mwenye mzio wa kombe au kamba wa baharini.

Suuza kwa maji baridi mara mbili au tatu, kwa haraka. Unga mweupe unaouona juu ya kotonii mkavu ni chumvi, na sehemu kubwa yake ni ya potasiamu, ile ile inayoisaidia kapa kuganda. Ukiuosha mno unaitupa faida, ukiuacha bila kuosha rojo linakuwa chungu na la chumvi kupita kiasi. Mimi huonja ukingo wa jani: ukionja chumvi kidogo kama ya machozi, inatosha.

Kisha swali la rangi. Mwani wa kahawia iliyokolea au zambarau utakupa kibonge cha kijivu, na walaji wengi wanataka cheupe. Dawa ni jua. Lowesha mwani uliosuuzwa, utandaze juani, uunyunyizie maji safi unapoanza kukauka, rudia kwa siku mbili au tatu mpaka ufifie uwe na rangi ya majani makavu. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo. Najua wapo wanaotumia, na nawasihi waache.

Ukaushe mpaka uvunjike kwa mlio mkavu ukiukunja. Kama una kikaushio, nyuzi 50 hadi 60 zinatosha. Mwani ulionyumbuka bado una maji na utaziba mashine. Saga, chekecha, saga tena mabaki, chekecha tena. Nataka unga laini kama poda ya mtoto. Niliwahi kutumia unga uliosagwa kwa haraka, wenye chembe kama za chumvi ya mezani, na kila chembe ikawa ufa: kibonge kilipokunjwa kilikatika pale pale ilipokaa. Ungo wenye matundu 100 kwa inchi ndio nimezoea.

Kila gunia jipya lipime kabla halijaingia kazini, maana mwani hutofautiana kwa msimu na kwa umri wa kuvunwa. Njia yangu ni ya glasi. Koroga gramu 2 za unga katika mililita 100 za maji, chemsha ukikoroga dakika 10, fidia maji yaliyopotea, mimina kwenye glasi, weka jokofuni saa 4. Geuza glasi. Kotonii nzuri hukaa bila kumwagika na hukatika kwa kijiko. Spinosamu hutikisika kama ute mzito lakini haitiririki. Ikitiririka, gunia hilo lina nguvu ndogo, na utaliongezea kipimo au utalirudisha.

Hifadhi unga kwenye chombo kisichopitisha hewa, gizani. Unyevunyevu ukiingia, unga hushikamana na nguvu yake hupungua.

Viwandani mwani hupikwa kwenye maji ya alikali yenye potasiamu ili kuongeza nguvu ya jeli. Alikali ya moto huunguza macho na ngozi vibaya. Nyumbani au kwenye karakana ndogo, iache.

Samaki kwanza

Nitapita haraka, kwa kuwa yeyote anayetengeneza bidhaa hizi anayajua mengi kati ya haya, ila baridi nitaisema mpaka nichoke.

Tumia samaki mweupe asiye na mafuta mengi ukiweza. Toa minofu, ondoa ngozi na ile nyama nyeusi ya ubavuni, saga. Osha nyama iliyosagwa kwa maji ya barafu, sehemu 3 au 4 za maji kwa sehemu 1 ya nyama, ukikoroga taratibu dakika 5, uiache itulie, umwage maji ya juu. Rudia mara 2 au 3. Maji ya mwisho yatie chumvi gramu 3 kwa lita, nyama itaachia maji kwa urahisi. Kamua kwa kitambaa. Kuosha huondoa damu, mafuta, na vimeng'enya vinavyoharibu jeli. Kwa samaki wa nyama nyeusi, maji ya mara ya kwanza yatie soda ya kuokea gramu 2 kwa lita ili kupunguza uchachu wa nyama.

Samaki wa jamii ya jodari na vibua wanataka uangalifu wa ziada. Wakikaa kwenye joto hujenga histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na histamini haiondoki kwa kupikwa, wala kwa mwani, wala kwa chochote.

Kama unanunua surimi iliyogandishwa, yaani nyama ya samaki iliyosagwa na kuoshwa kiwandani, kazi ya kuosha imekwisha kufanywa. Imetiwa sukari pia. Watafiti wa Hokkaido, Japani, ndio waliogundua karibu na mwaka 1960 kwamba sukari huilinda protini ya samaki isiharibike frizani, na tangu hapo nyama ya samaki iliyooshwa ikaweza kusafiri mbali. Sukari humlinda samaki, mwani huyashika maji. Usiutarajie mwani ufanye kazi ya sukari. Kwa nyama uliyoiosha mwenyewe na unayokusudia kuigandisha, sukari kidogo inahitajika hata ukitia mwani.

Kuchanganya

Kwa kilo 1 ya nyama iliyooshwa na kukamuliwa, hiki ndicho kipimo changu cha kawaida: chumvi gramu 22, sukari gramu 10, barafu iliyopondwa gramu 120, unga wa mwani gramu 10, na gramu 50 za barafu ya nyongeza kwa ajili ya mwani. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Mwani mkavu ni mnyonyaji. Usipompa maji yake, atayachukua ya samaki, na rojo litakauka na kukwaruza. Mimi huanza na gramu 5 za barafu kwa kila gramu 1 ya unga, kisha hurekebisha kwa jicho.

Nyama iwe karibu na nyuzi 0 unapoanza. Isage peke yake kwenye mashine ya visu dakika 1. Tia chumvi na theluthi ya barafu, saga dakika 2 au 3, mpaka rojo ling'ae, linate kwenye ubao, na lijivute kama ute. Hapo chumvi imekwisha kuitoa mayosini. Ndipo utie mwani, usiutie kabla. Ukitangulia mwani, utayakamata maji ambayo chumvi iliyahitaji, na protini haitatoka vizuri. Nilijaribu njia zote mbili kwa samaki yule yule siku moja, na tofauti ilionekana hata kwa macho: rojo lililotangulia mwani lilikuwa limefifia, halina mng'ao.

Unga wa mwani uchanganye kwanza na sukari yote ikiwa mikavu, uunyunyize taratibu mashine ikizunguka. Ukiumwaga wote mahali pamoja utafanya madonge yenye unga mkavu ndani, na madonge hayo hayafunguki tena. Fuatisha barafu iliyobaki. Jumla ya kusaga isizidi dakika 7 au 8.

Na sasa baridi. Chomeka kipimajoto kila baada ya dakika 2. Rojo lisivuke nyuzi 10. Mashine hupasha moto kuliko unavyodhani, na ukiona nyuzi 9, simama, weka bakuli lote frizani dakika 10. Niliwahi kumkabidhi msaidizi kazi hii bila kumpa kipimajoto, na kosa lilikuwa langu. Rojo lilifika nyuzi 17, vibonge vikatoka kama mchanga uliolowa, kilo 6 zikaenda.

Likunje rojo na ulipige kwenye bakuli mara kadhaa kutoa hewa, lifunike, liache jokofuni dakika 20 ili mwani uvimbe.

Moto wa hatua mbili

Tayarisha sufuria mbili. Ya kwanza nyuzi 40, ya pili nyuzi 90. Watumiaji wa sufuria moja wanaopandisha moto polepole wanapita polepole mahali pabaya kuliko pote: kati ya nyuzi 50 na 65 hivi, vimeng'enya vilivyobaki kwenye nyama huamka na kuutafuna wavu. Wajapani wana jina la jambo hilo, *modori*.

Finyanga vibonge vya gramu 20 na uvitumbukize kwenye sufuria ya nyuzi 40 kwa dakika 30. Hapa wavu wa samaki unaanza kujifuma, nao mwani haufanyi lolote. Usizidishe muda, joto hilo ni raha ya bakteria. Wapo wanaoliweka rojo lililofinyangwa jokofuni usiku kucha badala ya hatua hii, na jeli hutoka nzuri pia.

Hamishia moja kwa moja kwenye sufuria ya nyuzi 90, dakika 20. Chomeka kipimajoto katikati ya kibonge kimoja: nataka kuona angalau nyuzi 85. Mtu wa samaki peke yake angeweza kuridhika na chini ya hapo, lakini karajinani isiyopata joto la kutosha hubaki chembe zilizovimba, na umepoteza unga wako. Ukitumia agari, pandisha moto wa sufuria hii ipite nyuzi 90 ukiweza, kwa dakika kadhaa zaidi.

Toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu dakika 15, chuja, weka jokofuni usiku mzima. Usionje ukaamua. Ngoja asubuhi.

Kujua kiasi chako

Kipimo changu ni cha mwani wangu na samaki wangu. Chako utakipata kwa asubuhi moja ya kazi. Gawa nyama katika mabakuli matano ya gramu 400. Tia unga wa mwani gramu 0, 2, 4, 6 na 8, yaani asilimia 0, 0.5, 1, 1.5 na 2 ya nyama. Chumvi, barafu ya kawaida, muda wa kusaga, moto, vyote viwe sawa. Kinachobadilika ni mwani na maji yake tu. Bakuli lisilo na mwani ndilo shahidi wako, na bila hilo hutajua umepata nini. Mizani iwe inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya gramu.

Kesho yake fanya majaribio matatu.

La kwanza ni kukunja. Kata kipande cha unene wa milimita 3. Kikunje mara mbili, kama leso ndogo. Kisipopasuka kabisa, hiyo ni daraja la juu. Kikivumilia mkunjo mmoja tu bila ufa, ni kizuri. Kikitoa ufa taratibu kwenye mkunjo wa kwanza, ni cha wastani. Kikikatika mara moja, ni dhaifu, na kikimomonyoka kwa kubonyezwa, rudi kwenye samaki, tatizo haliko kwenye mwani.

La pili ni kukamua. Kipande cha milimita 5 kipime, kiweke kati ya karatasi mbili tatu za kunyonya maji kila upande, weka juu yake uzito wa kilo 5 kwa dakika 2, kipime tena. Kikiwa gramu 10 kikashuka hadi 9.2, kimepoteza asilimia 8. Linganisha na shahidi.

La tatu, kwangu ndilo muhimu kupita yote, ni kugandisha. Weka vibonge vitano vya kila bakuli kwenye mfuko, vipime, vigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, viyeyushe jokofuni, mwaga maji, vipime tena. Rudia mara tatu. Huko ndiko mkahawa wa mteja wangu ulikokuwa umenishinda, na huko ndiko mwani unakojionyesha.

Kwangu mimi asilimia 1 hupita mikunjo miwili na mfuko hubaki karibu mkavu. Asilimia 1.5 hushika maji zaidi lakini kibonge huanza kukatika badala ya kunesa. Asilimia 2 ya kotonii peke yake hunipa kitu kigumu kama kifutio. Kama unatumia karajinani iliyosafishwa badala ya mwani mzima, anza na nusu ya viwango hivi, kwa maana ina nguvu zaidi kwa kila gramu.

Ukiona vibonge vimekaza lakini vinatoa maji, kapa imezidi, ongeza spinosamu. Vikiwa laini hata baada ya usiku mzima, angalia joto la katikati kabla hujaongeza unga. Madoa meusi ni unga usiochekechwa. Harufu ya pwani iliyozidi ni mwani usiosuuzwa au uliokaa mno.

Vibonge vya friza vitandaze tabaka moja kwenye trei, vigande upesi, ndipo uvitie mfukoni. Ukivirundika vingali na uvuguvugu vitaganda polepole, barafu itajenga fuwele kubwa zenye ncha, na fuwele hizo huchoma wavu hata wenye mwani.

Afya ya mlaji

Mwani hukusanya vilivyomo majini. Usivune wala kununua ulioota karibu na mabomba ya maji machafu au bandari. Mwani wa kahawia, hasa jamii za *Laminaria* na *Saccharina*, una iodini nyingi sana. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na kijiko cha unga wa aina hizo kinaweza kupita hapo mara nyingi. Ndiyo maana sipiti gramu 3 za mwani wa kahawia kwa kilo ya samaki, na wenye maradhi ya tezi ya shingo nawaambia wazi kwamba umo. Hijiki, mwani mwingine wa kahawia, usiutumie kabisa: una aseniki ya aina yenye sumu, na mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza imewashauri watu wasiule.

Kwenye lebo, mwani mzima uliosagwa andika hivyo hivyo, unga wa mwani, pamoja na jina la aina yake. Karajinani iliyosafishwa ina namba ya kiongezwa cha chakula E407, mwani wa *Eucheuma* uliosindikwa ni E407a, agari ni E406, na alginati ya sodiamu ni E401. Taja samaki kama kizio, yaani kitu kinacholeta mzio, na kama mwani wako huja na vijigamba, taja pia kwamba huenda una chembe za kombe na kamba.

Mimi huongeza mstari mmoja chini ya maelekezo ya kupasha. Vibonge vyenye karajinani vikitoka kwenye supu inayochemka huwa vimelegea, kwa kuwa mwani umerudi kuwa majimaji ndani yake. Nimeandika kwenye mfuko: "Epua, viache bakulini dakika 5, ndipo uvile."